Timu ya Dhahabu ya Hungaria: Jinsi Ilivyojengwa na Jinsi Ilivyotawanyika



Yako mataifa ambayo sifa zao katika mpira wa miguu zajulikana kwa vikombe walivyovichukua. Brazili, Ujerumani, Italia na Argentina ni miongoni mwao, na kila mtoto wa shule anayeupenda mchezo huu aweza kuyataja bila kufikiri. Lakini iko nchi moja ya Ulaya, ndogo, isiyopakana na bahari yoyote, ambayo haijapata kulichukua Kombe la Dunia hata mara moja. Na hata hivyo waalimu wa mpira wa nchi nyingi wameendelea kujifunza habari za timu yake ya zamani, kama fundi ajifunzavyo kwa kuitazama kazi ya fundi aliyemtangulia. Nchi hiyo ni Hungaria, na timu hiyo ni ile iliyocheza kati ya mwaka 1950 na mwaka 1956, ambayo watu wa kwao waliiita Timu ya Dhahabu.

Tangu mwezi wa Juni 1950 hata mwezi wa Februari 1956, timu hiyo ilishindwa mara moja tu katika michezo rasmi ya kimataifa. Na mara hiyo moja ndiyo iliyokuwa siku ya fainali ya Kombe la Dunia. Habari zake zina furaha na zina huzuni, na anayezisikiliza kwa makini atapata kujua timu ni kitu gani, na ni kwa nini watu kumi na mmoja hodari si lazima wawe timu.

MWANZO WA MPIRA HUNGARIA

Timu ya taifa ya Hungaria ilicheza mchezo wake wa kwanza tarehe 12 Oktoba 1902, mjini Vienna, juu ya Austria. Wakati ule nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Wahungaria walishindwa mabao 5 kwa 0. Mwanzo huo haukuwa wa kujivunia, walakini hawakukata tamaa.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, mwalimu mmoja wa mpira, Mwingereza wa Lancashire aliyeitwa Jimmy Hogan, alikutwa mjini Vienna. Kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui, alizuiliwa asirudi kwao. Baadaye alipelekwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, akapewa kazi ya kuwafundisha vijana wa chama cha MTK. Hogan hakupenda mtindo wa kuupiga mpira mbali na kuukimbilia. Aliwafundisha vijana kuutuliza mpira, kuupitisha chini chini kwa mwenzao, kisha kusogea mahali penye nafasi ili waupokee tena. Kwao Uingereza watu wengi hawakumjali. Lakini Wahungaria waliyashika maneno yake, wakayafundisha kwa wale waliokuja baada yao.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1938 Hungaria ilifika fainali ya Kombe la Dunia katika mji wa Paris, ikiongozwa na kapteni wake György Sárosi. Italia iliwashinda mabao 4 kwa 2. Kisha vita ya pili ikaja, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mashindano ya dunia.

WATOTO WA KISPEST

Pembezoni mwa Budapest palikuwa na mtaa wa wafanyakazi uitwao Kispest. Hapo walikaa jirani watoto wawili, Ferenc Puskás, aliyezaliwa mwaka 1927, na József Bozsik, aliyezaliwa mwaka 1925. Watoto wa mtaa ule hawakuwa na fedha za kununua mpira wa ngozi. Walijifungia matambara wakayafanya mpira, kama wafanyavyo watoto wa Afrika hata leo, wakacheza uwanjani pasipo viatu mpaka giza likaingia. Puskás alitamani sana kuingia katika timu ya watoto ya chama cha Kispest, lakini umri wake ulikuwa haujatosha. Basi akaandikishwa kwa jina la uongo, Miklós Kovács, akacheza na wakubwa wake.

Puskás alikua akawa mtu mfupi, mnene kidogo, na karibu kazi yote aliifanya kwa mguu wa kushoto. Mtu asiyemjua angemwona akasema huyu si mchezaji. Lakini mguu ule wa kushoto ulikuwa na akili. Rafiki zake walimwita Öcsi, maana yake "ndugu mdogo", na jina hilo lilimfuata hata uzeeni. Bozsik yeye hakuwa mwepesi wa mbio. Sifa yake ilikuwa macho. Alijua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenyewe hajafika. Watu hawa wawili walikuwa wamecheza pamoja tangu utoto, na uwanjani hawakuhitaji kuitana.

Mwaka 1949 serikali mpya ya Kikomunisti ilivitia vyama vya mpira chini ya wizara na idara zake. Chama cha Kispest kilipewa jeshi, kikaitwa Honvéd, yaani mlinzi wa nchi. Kwa njia hii wachezaji wengine hodari waliitwa jeshini na kukusanywa mahali pamoja: Sándor Kocsis, ambaye hakuwa na mfano kwa kupiga mpira kwa kichwa, Zoltán Czibor, winga wa kushoto mwenye mbio na chenga, László Budai, winga wa kulia, Gyula Lóránt, beki wa kati, na golikipa Gyula Grosics. Wachezaji hao walipewa vyeo vya askari, ndiyo maana Waingereza walimwita Puskás "Meja". Kutoka chama cha MTK walitoka Nándor Hidegkuti, Mihály Lantos na József Zakariás. Katika kumi na mmoja wale waliojulikana zaidi, beki wa kulia peke yake, Jenő Buzánszky, alitoka mahali pengine, mji wa machimbo ya makaa uitwao Dorog.

Kwa hiyo timu ya taifa haikuwa kundi la wageni waliokutana siku mbili kabla ya mchezo. Walikuwa watu waliofanya mazoezi pamoja wiki hata wiki, wakajuana tabia, nguvu na udhaifu.

MAARIFA YA GUSZTÁV SEBES

Aliyekuwa mwalimu na kiongozi wao ni Gusztáv Sebes. Katika ujana wake alifanya kazi kiwandani Ufaransa, kisha akacheza mpira katika chama cha MTK. Sebes aliamini kwamba mchezaji asikae mahali pake tu kama mti uliopandwa. Beki akipata nafasi na aende mbele. Mshambuliaji akiona hatari na arudi kusaidia. Golikipa Grosics naye hakungoja golini tu. Alitoka nje ya boksi akauokoa mpira kwa miguu, akawa kama beki wa nne.

Lakini jambo lililowatatiza adui zaidi lilikuwa kazi ya Hidegkuti. Siku zile timu nyingi za Ulaya zilicheza kwa mpango mmoja unaojulikana. Mchezaji mwenye namba 9, yaani senta fowadi, alikaa mbele kabisa karibu na goli, na beki wa kati wa upande wa pili, mwenye namba 5, alimlinda mtu huyo mmoja mchezo mzima. Mwalimu wa MTK, Márton Bukovi, alikuwa amevumbua mtindo mwingine, na Sebes akautumia katika timu ya taifa. Hidegkuti alivaa namba 9, lakini hakukaa mbele. Alirudi nyuma mpaka katikati ya uwanja, akaugawa mpira. Sasa beki yule wa adui afanye nini? Akimfuata Hidegkuti, aacha tundu kubwa mbele ya goli lake, na Puskás na Kocsis wataingia hapo. Akibaki mahali pake, Hidegkuti yuko huru, hana wa kumsumbua, naye aweza kupiga mpira kutoka mbali. Hivyo beki alipewa maswali mawili, na kila jibu lilikuwa na hasara.

Mwaka 1952 timu hii ilikwenda Helsinki katika Michezo ya Olimpiki. Iliwafunga Waswidi mabao 6 kwa 0 katika nusu fainali, na tarehe 2 Agosti ikawashinda Wayugoslavia mabao 2 kwa 0, wafungaji wakiwa Puskás na Czibor. Wakarudi kwao na nishani za dhahabu.

SIKU YA WEMBLEY

Baada ya ushindi huo Hungaria ilialikwa kucheza na Uingereza katika uwanja wa Wembley, London. Waingereza ndio waliouandika mchezo huu sheria zake, na mpaka siku ile hakuna timu yoyote ya bara la Ulaya iliyopata kuwashinda katika nchi yao. Watu wengi wa Uingereza walidhani kwamba wageni hawa, kama wageni wengine wote, wangecheza vizuri kisha wafungwe.

Sebes hakupuuza jambo hata dogo. Mwezi wa Oktoba 1953 alikwenda Wembley kuwatazama Waingereza wakitoka sare ya mabao 4 kwa 4 na wachezaji waliochaguliwa kutoka Ulaya. Aliupima uwanja, akachunguza jinsi mpira unavyodunda juu ya majani yale, na akapata mipira ya Kiingereza, ambayo ilikuwa mizito zaidi kuliko ile ya Hungaria. Wachezaji wake wakafanya mazoezi kwa mipira ile ile, katika uwanja uliopimwa sawa na ule wa Wembley. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tarehe 25 Novemba 1953 watu zaidi ya 100,000 walijaa Wembley. Waliwaona Wahungaria wakitoka mapema uwanjani kupasha miili yao moto kwa mipira, jambo ambalo halikuwa desturi ya Waingereza, na wamevaa viatu vyepesi vilivyokatwa chini ya kifundo cha mguu. Filimbi ikapigwa. Kabla dakika moja haijatimia, Hidegkuti alipata mpira mbele ya boksi, akadanganya kama anayetaka kupiga, beki akayumba, naye akaupiga kwa nguvu ukaingia wavuni.

Waingereza walisawazisha kwa bao la Jackie Sewell. Hidegkuti akafunga la pili. Kisha likaja bao ambalo waliokuwapo waliwasimulia wajukuu wao. Puskás alipewa mpira upande wa kulia wa goli. Kapteni wa Uingereza, Billy Wright, mmoja wa mabeki bora wa zama zake, alimjia kwa kasi akajitupa kuuondoa mpira. Puskás akauvuta nyuma kwa wayo wa mguu wa kushoto. Wright akapita akiteleza juu ya majani matupu, na Puskás, bila haraka, akaupiga mpira kati ya golikipa na mlingoti. Muda si muda akafunga tena. Mpaka hafu taimu mabao yalikuwa 4 kwa 2, na baada ya kupumzika Bozsik na Hidegkuti wakaongeza mengine mawili. Alf Ramsey alifunga penati kwa upande wa Uingereza, na mchezo ukaisha mabao 6 kwa 3.

Harry Johnston, beki aliyepewa kazi ya kumlinda Hidegkuti, alihangaika mchezo wote asijue amfuate au abaki. Hilo halikuwa kosa lake peke yake; aliulizwa swali ambalo hakufundishwa jibu lake. Baada ya mchezo viongozi wa mpira wa Hungaria walimtaja Jimmy Hogan kuwa ndiye mwalimu wa mababa zao katika mchezo huu. Hivyo Waingereza walishindwa kwa mafundisho ya Mwingereza mwenzao ambaye hawakumsikiliza.

Wengine walisema ushindi ule ulikuwa bahati. Tarehe 23 Mei 1954 timu hizo zikakutana tena mjini Budapest, na Hungaria ikashinda mabao 7 kwa 1. Hakuna aliyetaja bahati tena. Alf Ramsey alilikumbuka somo lile. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya Uingereza ilipolichukua Kombe la Dunia mwaka 1966.

KUTANGULIA SI KUFIKA

Mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1954 yalifanywa Uswisi, na dunia nzima ilitazamia kwamba Hungaria italichukua. Mwanzo wake ulikuwa kama walivyotazamia. Tarehe 17 Juni waliifunga Korea ya Kusini mabao 9 kwa 0. Siku tatu baadaye waliifunga Ujerumani Magharibi mabao 8 kwa 3. Lakini mwalimu wa Wajerumani, Sepp Herberger, alikuwa mtu wa hesabu. Siku ile aliwapumzisha wachezaji wake wengi walio bora, kwa maana alijua kwamba hata akishindwa anayo njia nyingine ya kuendelea. Tena katika mchezo huo Puskás alipigwa kifundoni na beki Werner Liebrich, akaumia. Mabao 8 yalisherehekewa, na kifundo kile hakikutiliwa maanani sana. Baadaye ilionekana kwamba kifundo kilikuwa na uzito kuliko mabao.

Pasipo Puskás, Hungaria ilikutana na Brazili mjini Bern. Mchezo uligeuka ugomvi. Wachezaji watatu walitolewa nje, naye Bozsik mpole akiwa mmoja wao. Hungaria ilishinda mabao 4 kwa 2. Katika nusu fainali walikutana na mabingwa wa dunia, Uruguay, ambao walikuwa hawajapata kushindwa katika mashindano hayo tangu yaanzishwe. Hungaria ilitangulia kwa mabao mawili, Uruguay ikayarudisha yote, na ikabidi kuongeza muda. Hapo Kocsis akaruka mara mbili, na mara zote mbili kichwa chake kikauweka mpira wavuni. Ikawa tena mabao 4 kwa 2. Walioiona michezo yote ya mwaka ule walisema hapakuwa na mwingine uliopita huo kwa uzuri, lakini Wahungaria walitoka wamechoka sana.

Fainali ilichezwa Bern tarehe 4 Julai 1954, juu ya Wajerumani wale wale. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri na uwanja ukawa matope. Wajerumani walikuwa na viatu vilivyotengenezwa na Adi Dassler, ambavyo njumu zake, yaani yale meno ya chini, ziliweza kufunguliwa na kufungwa nyingine ndefu zaidi, nao wakafanya hivyo. Puskás alisema yuko tayari kucheza, ingawa kifundo kilikuwa hakijapona vema.

Katika dakika ya 6 Puskás alifunga. Katika dakika ya 8 Czibor akafunga la pili. Mtu yeyote angesema mambo yamekwisha. Lakini wazee walisema kwamba kutangulia si kufika. Dakika mbili tu baadaye Max Morlock akafunga kwa upande wa Ujerumani, na katika dakika ya 18 Helmut Rahn akasawazisha. Kuanzia hapo Wahungaria walishambulia kama mawimbi. Hidegkuti akapiga mlingoti. Kocsis akapiga mwamba wa juu. Golikipa Toni Turek akaokoa mipira ambayo watu walikwisha kuihesabu kuwa mabao. Mvua nayo haikukoma.

Zilipobaki dakika 6 Rahn akaupata mpira mbele ya boksi, akauhamishia mguu wa kushoto, akaupiga chini chini ukaingia pembeni. Wajerumani 3, Wahungaria 2. Kabla ya mwisho Puskás akautia mpira wavuni, akainua mikono, na wenzake wakamkimbilia. Mshika kibendera Mervyn Griffiths wa Wales alikuwa ameinua kibendera, na refa William Ling wa Uingereza akasema ni ofsaidi. Ubishi juu ya kibendera kile uliendelea kwa miaka mingi. Lakini kitabu cha matokeo kimeandikwa 3 kwa 2, na asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kwa Wajerumani, ambao miaka 9 nyuma nchi yao ilikuwa magofu, siku ile ilikuwa kama kuinuliwa kutoka mavumbini, na ushindi wao walistahili kuuonea fahari. Kwa Wahungaria ilikuwa msiba. Timu yao ilikuwa imefunga mabao 27 katika michezo 5, hesabu ambayo hakuna timu iliyopata kuifikia katika mashindano mamoja ya Kombe la Dunia mpaka miaka hii. Kocsis peke yake alifunga 11. Hayo yote hayakuwafariji. Mjini Budapest watu walijaa barabarani kwa hasira. Golikipa Grosics alikamatwa mwishoni mwa mwaka ule, akashutumiwa kwa uhaini na kufungiwa nyumbani, mpaka shitaka likaachwa kwa kukosa ushahidi. Watu waliosifiwa kuliko wote wakiwa washindi, walilaumiwa kuliko wote kwa kushindwa mara moja.

KUTAWANYIKA

Hata hivyo timu ilikuwa haijafa. Baada ya fainali ile ilikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kushindwa tena, mpaka Waturuki walipoishinda mabao 3 kwa 1 mjini Istanbul mwezi wa Februari 1956. Mwaka ule Sebes aliondolewa katika kazi yake. Mwezi wa Septemba Hungaria ikawashinda Warusi bao 1 kwa 0 katika mji wa Moscow, kwa bao la Czibor. Wachezaji wengi walikuwa bado na umri wa kucheza Kombe la Dunia jingine.

Tarehe 23 Oktoba 1956 watu wa Budapest waliinuka juu ya serikali yao, na tarehe 4 Novemba vifaru vya Kirusi viliingia mjini kuyazima maasi hayo. Watu maelfu walikufa, na wengine wapatao 200,000 wakaikimbia nchi. Timu ya Honvéd ilikuwa na mchezo wa Kombe la Ulaya na Athletic ya Bilbao, Hispania. Ilicheza Bilbao mwezi wa Novemba ikashindwa mabao 3 kwa 2. Mchezo wa marudiano haukuweza kuchezwa Budapest kwa ajili ya machafuko, ukachezwa Brussels mwezi wa Desemba, ukaisha sare ya 3 kwa 3.

Hapo kila mchezaji alisimama kwenye njia panda. Nyuma yao palikuwa na nyumba, wazazi na makaburi ya jamaa. Mbele yao palikuwa na nchi za kigeni na adhabu ya kuzuiliwa kucheza. Walizunguka nchi kadhaa wakicheza, wakafika hata Brazili mwanzoni mwa mwaka 1957, ingawa wakuu wa mpira wa dunia waliwakataza. Waliporudi Ulaya wakaachana. Bozsik na Budai walirudi nyumbani. Puskás, Kocsis na Czibor hawakurudi. Wale wawili waliokuwa majirani wa Kispest tangu utoto, waliojuana bila kuitana, sasa walitengwa na mpaka. Timu ya vijana ya Hungaria nayo ilikuwa nje ya nchi siku zile, na wengi wao pia walibaki huko. Hivyo taifa lilipoteza mavuno pamoja na mbegu.

Mwaka 1958 katika Kombe la Dunia la Uswidi, Hungaria ilitolewa mapema na Wales. Bozsik, Hidegkuti na Grosics walikuwapo, lakini timu haikuwapo.

YALIYOBAKI

Puskás alikaa bila kucheza zaidi ya mwaka, akanenepa, na wengi wakasema amekwisha. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 31, Real Madrid ilimchukua. Mwaka 1960 mjini Glasgow, katika fainali ya Kombe la Ulaya, Real iliifunga Eintracht Frankfurt mabao 7 kwa 3, na katika hayo Puskás alifunga manne.

Kocsis na Czibor waliingia Barcelona. Tarehe 31 Mei 1961 walicheza fainali ya Kombe la Ulaya na Benfica ya Ureno, mjini Bern, katika uwanja ule ule walioshindwa mwaka 1954. Wote wawili walifunga. Bao la tatu la Benfica lilifungwa na Mário Coluna, mzaliwa wa Msumbiji, na mwalimu wa Benfica alikuwa Béla Guttmann, Mhungaria wa Budapest. Barcelona ilipiga milingoti mara kadhaa, na mchezo ukaisha 3 kwa 2. Kwa mara ya pili watu hao wawili walitoka katika uwanja ule wameshindwa kwa hesabu ile ile.

Elimu yao haikupotea, bali ilienea kama mbegu zinazochukuliwa na upepo. Hidegkuti alifundisha Italia, na baadaye, katika miaka ya 1970, akafundisha Al Ahly ya Cairo ikapata ubingwa wa Misri zaidi ya mara moja. Puskás naye alifundisha Al Masry ya Port Said, na mwaka 1971 aliifikisha Panathinaikos ya Ugiriki katika fainali ya Kombe la Ulaya, pale pale Wembley.

Nchi yenyewe haikukosa wachezaji hodari baadaye. Ilichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1964 na mwaka 1968, na Flórián Albert alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1967. Mwaka 1966 iliishinda Brazili mabao 3 kwa 1 mjini Liverpool. Lakini baada ya mwaka 1986 ilipita miaka 30 bila kuonekana katika mashindano makubwa, mpaka Kombe la Ulaya la mwaka 2016. Tarehe 14 Juni 2022 iliwashinda Waingereza kwao mabao 4 kwa 0, na wazee wachache waliobaki wakaikumbuka Wembley.

Puskás aliweza kukanyaga tena ardhi ya Hungaria mwaka 1981, baada ya miaka 25. Alikuwa ameifungia nchi yake mabao 84 katika michezo 85. Alipofariki tarehe 17 Novemba 2006 alizikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano mjini Budapest, na uwanja mkubwa wa taifa ulikuwa umekwisha kuitwa kwa jina lake. Buzánszky, yule wa mji wa makaa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya kumi na mmoja wale. Naye alifariki mwezi wa Januari 2015.

Haya ndiyo mafundisho ya Timu ya Dhahabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Puskás alikuwa mchezaji mkubwa popote alipokwenda, na Kocsis vivyo hivyo, lakini kile kilichoonekana Wembley hakikuonekana tena mahali popote, kwa kuwa hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kilikuwa kati yao. Kilijengwa kwa subira tangu siku za Hogan na mipira ya matambara ya Kispest, kikatawanywa katika muda wa miezi michache. Kwa hiyo popote penye vijana wanaocheza pamoja, wakajuana na kuaminiana, iwe ni katika uwanja wa mji mkubwa au katika malisho ya ng'ombe, wazee wao wakitunze kitu hicho. Kikombe chaweza kushindaniwa tena mwaka ujao. Watu wakitawanyika hawakusanyiki kwa kupigiwa filimbi.